Wakili aliyetetea wengi, akaondoka bila kuandika azikwe wapi

Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, ambaye Tanzania nzima ilimjua kama Babu wa Loliondo, alifariki dunia Julai 30, 2021 na kuzikwa Samunge, tarafa ya Sale, wilayani Ngorongoro. Hakuwa mwenyeji wa huko kwa kuzaliwa. Alikuwa Mnyakyusa wa Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Samunge ni kuikata nchi karibu yote kutoka kusini mpaka mpaka wa kaskazini. Lakini Loliondo ndiko alikofanya uchungaji, ndiko alikostaafu, na ndiko mwaka 2011 magari yalikopanga foleni ya kilomita nyingi kwa ajili ya kikombe chake cha shilingi 500. Kaburi lake kuwa Samunge halikumshangaza mtu.

Si kila familia inapata utulivu huo. Samunge, Digodigo, Wasso, Loliondo, hata Karatu mjini, wamejaa walimu, wauguzi, wachungaji, askari wa wanyamapori na wafanyabiashara ambao kwao ni kwingine. Wamejenga, wameoa au kuolewa na wenyeji, watoto wamezaliwa hapo na kusoma hapo. Siku baba akifa, swali la kwanza kwenye msiba si la pesa. Ni hili: tunampeleka wapi? Na anayelijibu kwa sauti kubwa kuliko wote mara nyingi ni ndugu aliyeshuka kwenye basi asubuhi hiyo hiyo.

Katika Afrika Mashariki hakuna familia iliyolipia swali hilo kama ile ya wakili Silvano Melea Otieno wa Nairobi. Wengi walimwita SM. Watu wazima wa Kenya bado wanalikumbuka jina lake, lakini wanakumbuka zaidi kesi ya maiti yake kuliko maisha yake, jambo ambalo ni kumwonea. Kabla hajawa jalada la mahakama alikuwa mtu, na maisha yake yana mengi ya kumfundisha mzazi.

Alizaliwa mwaka 1931 Nyalgunga, Siaya, upande wa Ziwa Victoria, katika ukoo wa Kijaluo wa Umira Kager. Alikwenda India kusoma sheria, akarudi Kenya wakati Waafrika wenye leseni ya uwakili walikuwa wa kuhesabika. Akajikita kwenye kesi za jinai, zile ambazo mteja akishindwa haendi kulipa faini, anakwenda gerezani au kwenye kitanzi. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa mawakili wa jinai wenye jina kubwa Nairobi. Kazi hiyo haitaki sheria peke yake. Inataka kumbukumbu, ulimi, na uwezo wa kumsoma shahidi usoni kabla hajafungua mdomo.

Agosti 1963, miezi michache kabla ya uhuru wa Kenya, alimwoa Virginia Wambui Waiyaki. Hapo ndipo penye uzito. Wambui alikuwa Mkikuyu wa ukoo wa Waiyaki wa Hinga, kiongozi ambaye Waingereza walimkamata mwishoni mwa karne ya 19. Mwenyewe Wambui alijiunga na Mau Mau akiwa msichana, akapelekwa kizuizini Lamu. Kaka yake, Dk. Munyua Waiyaki, baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje. Mjaluo na Mkikuyu kuoana wakati ule, tena kwa ndoa ya serikali, lilikuwa jambo la kuzungumzwa vijijini pande zote mbili. Wao wakaendelea.

Walikuwa na watoto 15, wengine wa kuwazaa na wengine wa kuwalea. Hebu ifikirie idadi hiyo kidogo. Wakili anatoka mahakamani jioni na mafaili kwapani, anaingia kwenye nyumba ya Lang'ata yenye watoto 15. Ada za shule 15. Viatu jozi 15. Na bado baba huyo alikuwa na muda wa kukaa nao. Watoto wake walipofika kizimbani kueleza baba yao alikuwa mtu wa namna gani, hawakuanza na mali. Walimweleza baba aliyependa kusoma Shakespeare na kutazama filamu za Perry Mason, yule wakili wa kwenye televisheni ambaye hashindwi kesi. Kuna kitu cha kuchekesha na cha kupendeza katika hilo. Mtu anayeshinda kutwa nzima mahakamani anarudi nyumbani kutazama mahakama ya kuigiza pamoja na wanawe.

Ni rahisi kumwita mtu kama huyo Mzungu mweusi, na wapo waliomwita hivyo. Hukumu hiyo haina haki. Baba anayewapeleka watoto shule, anayewasomea vitabu na kuwaacha wachague mwelekeo wa maisha yao hajaacha kuwa mtoto wa mama yake. SM mwenyewe hakukata mguu Nyalgunga. Alikwenda kwenye misiba ya kwao na ndugu zake walimjua. Alikuwa watu wawili kwa wakati mmoja, kama walivyo mamilioni ya wazazi wa Afrika Mashariki leo, na haikumletea shida yoyote alipokuwa hai.

Shida ilianza Desemba 20, 1986. Alikufa ghafla, akiwa na umri wa miaka 55.

Hapa ukurasa wa familia una haki ya kusimama kidogo. Mwanaume wa miaka 55, mwenye kazi ya kukaa, mwenye mawazo ya kesi za watu, anaondoka bila kuaga. Vifo vya namna hiyo vinajulikana kila mtaa, na mara nyingi nyuma yake kuna moyo na presha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye shinikizo la juu la damu hawajui kwamba wanalo. Haliumi. Haliwashi. Mtu anapanda mlima, anachimba mfereji wa shamba, anacheka na watoto, huku mishipa inachoka. Kipimo chake ni mkanda wa mkononi na dakika chache; kikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa kurudiarudia, huyo anahitaji mganga wa zahanati na si maombi peke yake. Wengi waliofika Samunge mwaka 2011 kunywa dawa ya mizizi ya mugariga walikuja na presha na kisukari, na wapo waliorudi nyumbani wakatupa vidonge kwa imani kuwa wamepona. Dawa ile haikuwahi kuthibitishwa kitabibu kwamba inaponya presha. Wapo pia waliofia kwenye foleni yenyewe, kiasi kwamba Babu mwenyewe alilazimika kuomba wagonjwa wasitolewe hospitali kuletwa kwake.

Baba asiyepima presha na baba asiyeandika wosia mara nyingi ni mtu yule yule. Anajisikia vizuri. Anaona kama kuuliza ni kukaribisha.

Turudi Nairobi. SM, mtu wa sheria kwa zaidi ya miaka 20, hakuacha wosia wa maandishi. Wambui alisema mumewe alimwambia zaidi ya mara moja kuwa azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo, ukiongozwa na kaka wa marehemu, Joash Ochieng Ougo, pamoja na Omolo Siranga, ulisema Mjaluo huzikwa kwao, na kwao ni Nyalgunga. Redio ya taifa ikajikuta ikitangaza mipango miwili ya mazishi ya mtu mmoja. Familia yoyote iliyowahi kuandaa msiba inajua fedheha iliyomo kwenye tangazo kama hilo.

Kesi ikaenda Mahakama Kuu, mbele ya Jaji S.E.O. Bosire. Wambui aliwakilishwa na wakili John Khaminwa, ukoo ukawakilishwa na Richard Kwach. Magazeti ya Nairobi yaliandika karibu kila neno lililosemwa, na watu waliyagombania mitaani. Nchi nzima ikageuka baraza la wazee.

Hoja ya Wambui ilikuwa nyepesi kueleweka. Yeye ni mke wa ndoa ya serikali, mwenye cheti. Ameishi na mtu huyu miaka 23. Amezaa naye, amelea naye, amesikia alichosema wakiwa wawili chumbani. Kama kuna mtu duniani anayejua SM alitaka nini, ni yeye. Tena alisema wazi kuwa hatakubali mila za ujane ambazo ukoo ungemtaka azifuate, ikiwemo kurithiwa na ndugu wa mume.

Hoja ya ukoo ilikuwa na kina zaidi kuliko wengi wa mjini walivyopenda kukubali. Kwa Wajaluo, walisema, nyumba si nyumbani. Mtu anaweza kuwa na nyumba Lang'ata, na nyingine Matasia, zote nzuri, zote za mawe. Lakini nyumbani ni boma linaloanzishwa kwa taratibu zake, kwenye ardhi ya wazee, mbele ya baba au ndugu wa baba. SM hakuwahi kuanzisha boma la namna hiyo popote Nairobi. Kwa hiyo, walisema, huko alikuwa anapanga tu, hata kama hati ya kiwanja ina jina lake. Walimleta hata profesa wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Henry Odera Oruka, kueleza mila hizo. Na walimleta mzee mchimba makaburi wa kijijini, ambaye alieleza kuwa SM mwenyewe aliwahi kumwambia amchimbie kaburi karibu na la baba yake.

Basi hapo. Mke anasema aliambiwa Matasia. Mchimba makaburi anasema aliambiwa Nyalgunga. Inawezekana kabisa kwamba wote wawili walisema kweli. Mtu akiwa msibani kijijini, amezungukwa na wazee, ataongea kama mtoto wa kijiji. Akiwa kwake jioni na mkewe, wakitazama miti waliyoipanda, ataongea kama mume. Wanaume wengi hufanya hivyo bila nia ya kumdanganya mtu. Wanasema kile ambacho aliye mbele yao angependa kusikia, tena wakitania. Kila msikilizaji anaondoka na wosia wake kichwani.

SM alijua jambo hili kuliko yeyote. Kazi yake ilikuwa kuwasimamisha mashahidi wa namna hiyo na kuwauliza: ulisikia lini? Nani mwingine alikuwepo? Mbona hukusema mapema? Angewapata wale mashahidi wote kizimbani, wa mkewe na wa ukoo, angewavuruga kabla ya saa ya chai. Ila mtu pekee ambaye angeweza kuwajibu alikuwa kwenye jokofu la mochwari.

Watoto walipofika mahakamani hali ilikuwa ngumu zaidi. Walikuwa vijana, wengine wamesoma ng'ambo, na waliulizwa maswali kuhusu ukabila wao kana kwamba ni kosa la jinai. Mmoja mmoja walitakiwa kuthibitisha kuwa walimjua baba yao. Hakuna mtoto anayestahili kupimwa kwa kipimo hicho katika wiki za kwanza za kufiwa. Wanasaikolojia wanaoshughulika na watoto waliofiwa husisitiza mambo mawili ya mwanzo: mtoto aelezwe ukweli kwa lugha yake, na ratiba ya maziko imsaidie kuaga. Watoto wa SM walipata ukweli kwa lugha ya mawakili, na ratiba ya kuaga ilichukua miezi mitano.

Februari 13, 1987, Jaji Bosire aliamua kuwa SM azikwe Nyalgunga. Wambui alikata rufaa. Mei 15, Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na Jaji Bosire. Msingi wa uamuzi ulikuwa kwamba sheria iliyoandikwa ya Kenya haikuwa na kifungu cha wazi juu ya nani ana haki ya kuzika, kwa hiyo sheria ya mila ya marehemu ndiyo ilitumika. Na kwamba mtu aliyezaliwa na kukulia Mjaluo havui Ujaluo kwa kusoma, kuishi mjini au kuoa kabila lingine. Wanawake wengi wa Kenya waliona kwamba ndoa zao zimepewa thamani ndogo kuliko walivyodhani siku walipotia saini cheti. Wazee wengi, na si wa Kijaluo pekee, waliona kwamba mahakama hatimaye imewaheshimu. Mabishano hayo hayajaisha, na pengine hayataisha.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo mzazi asome polepole. Kwenye sheria hizi tulizorithi kutoka kwa Waingereza, maiti si mali. Shamba unaweza kumwachia mtu, ng'ombe unaweza kuwagawa, lakini mwili wako huwezi kumwachia mtu kama urithi. Ndiyo maana hata matakwa ya maziko yaliyoandikwa hayawafungi majaji wa Kenya moja kwa moja. Wanayazingatia, wanajaribu kuyatimiza, lakini wanaweza kuyapima na mambo mengine. Hata hivyo karatasi yenye saini inaongea kwa sauti moja, wakati watu kumi waliosikia wanaongea kwa sauti kumi.

Tanzania, kwa familia zinazofuata sheria za mila, kanuni za mwaka 1963 zinatambua hata wosia wa mdomo, lakini zinataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Waliotunga kanuni hizo walikuwa na akili ya kijijini ya hali ya juu. Shahidi wa ukoo anazuia mke kusingiziwa kwamba ametunga. Shahidi wa nje anazuia ukoo kusema haujasikia. Kama SM angewaita watu wawili wa aina hiyo sebuleni kwake Lang'ata, jioni moja, kabla ya Perry Mason kuanza, huenda Kenya isingekuwa na kesi ya kusimulia. Wosia unaweza pia kuhifadhiwa RITA, ambako hauwezi kupotelea kwenye sanduku la nguo.

Kuna wazazi watakaosema kuzungumzia kaburi mbele ya watoto ni uchuro. Hofu hiyo ipo kwa Wabatemi wa Samunge, ipo kwa Wamasai, ipo kwa Wairaqw wa Karatu, ipo Pwani, na si ya kudharauliwa. Kila jamii ina namna yake ya kuzunguka maneno mazito. Lakini mazungumzo hayo hayahitaji kuanza na kifo. Yanaweza kuanza na safari ya Desemba: twende kwa bibi, muone baba alikozaliwa, mjue lile kaburi chini ya mti ni la nani. Mtoto aliyewahi kufika kijijini kwa baba na kula ugali wa shangazi hatashtuka siku ukoo utakapoingia mlangoni. Na shangazi aliyewahi kulala kwenye nyumba ya kaka yake huko ugenini, akamwona shemeji yake akimuuguza, hatasema kuwa pale palikuwa pa kupanga tu.

Na mke anayo nafasi yake hapa. Wambui alikuwa mwanamke jasiri, aliyepitia kizuizini na siasa, lakini mbele ya mahakama alionekana kama mtu wa nje wa ukoo alioolewa nao kwa miaka 23. Sehemu ya hilo ni ukabila wa Nairobi wa miaka ile, na sehemu ni sheria. Sehemu nyingine, ndogo lakini ya kweli, ni kwamba hakuna aliyekuwa amefanya kazi ya kuzikutanisha familia hizo mbili wakati mwenye kuzikutanisha alikuwa hai. Kazi hiyo ilikuwa ya SM. Alikuwa na miaka 23 ya kuifanya, na alikuwa na shughuli nyingi, kama baba yeyote mwenye watoto 15 na kesi kesho asubuhi.

Mei 23, 1987, siku 154 baada ya kufa, Silvano Melea Otieno alizikwa Nyalgunga mbele ya umati mkubwa. Wambui hakwenda. Aliendelea kuishi maisha yake kwa kelele ile ile: mwaka 1998 alichapisha kitabu cha maisha yake, na mwaka 2003, akiwa na miaka 67, aliolewa na kijana mdogo kwake kwa miongo kadhaa, Kenya ikazungumza upya. Alifariki Agosti 30, 2011, mwaka ule ule wa foleni za Samunge. Yeye hakuzikwa Nyalgunga.